Kabla hujagusa PAM kwenye seva ya ofisi

PAM ni mfumo ambao Linux hutumia kuamua nani aingie kwenye mashine. Anza na dirisha la pili la amri. Kabla hujafungua faili lolote ndani ya /etc/pam.d, ingia kwenye seva kama root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote, kupitia dirisha jingine, uliache wazi, na usilifunge mpaka mtu mwingine ameingia na kutoka salama. PAM haisubiri mashine iwashwe upya. Ukishahifadhi faili, anayebisha hodi sekunde inayofuata anakutana na ulichoandika.

Nasema haya kwa uchungu. Ijumaa moja jioni, katika ofisi moja hapa Chumbageni, Tanga, niliandika pam_unx.so badala ya pam_unix.so, moduli inayokagua nenosiri la ndani ya mashine, kwenye faili la common-auth, nikahifadhi, nikafunga dirisha. Herufi moja tu. Kuingia kukagoma na sudo, amri ya kuazima mamlaka ya root, ikagoma, kwa kuwa zote zinasoma faili hilo hilo. Ilibidi tuizime seva na kuiwasha kwa hali ya uokoaji, huku watu wa malipo wakisubiri hadi magharibi. Tangu siku hiyo sianzi bila kunakili /etc/pam.d yote pembeni kwa cp -a.

La pili ndilo mafundi wengi hulipita: kumtambua mtu na kumpa hati zake ni kazi mbili. Mgeni anaweza kukaribishwa sebuleni na bado asipewe ufunguo wa chumba. Programu huita pam_authenticate kuuliza wewe ni nani, kisha huita pam_setcred kumpa hati, kwa mfano tiketi ya Kerberos, mfumo wa kumthibitisha mtu kwa huduma za mtandao. Kazi zote mbili hupita kwenye mistari ile ile ya "auth", kwa hiyo mpangilio wa mistari ni jambo zito. Ukiweka pam_unix kama "sufficient" (ikikubali, inatosha) juu ya pam_krb5, moduli ya Kerberos, mwenye nenosiri la ndani ya mashine anakubaliwa pale juu na safari inaishia hapo. Dada wa masjala anaingia vizuri, lakini folda ya pamoja inayotaka Kerberos inamkatalia. Usikimbilie kubadilisha ruhusa za folda. Mwambie aandike klist, amri ya kuorodhesha tiketi. Kama hakuna tiketi, tatizo liko kwenye mpangilio. Anayeingia kwa mbali kwa ufunguo wa SSH badala ya nenosiri naye hapitishwi kwenye pam_authenticate, basi amua mapema atapata wapi tiketi yake.

Angalia saa pia. Kwa kawaida Kerberos huvumilia tofauti ya dakika 5 tu, na umeme ukikatika, mashine yenye betri ya saa iliyokufa hurudi miaka nyuma. Hakikisha inachukua saa kutoka kwenye mtandao kabla hujalaumu moduli.

Halafu fikiria kutoka, siyo kuingia tu. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na hati ziwe hivyo hivyo: pam_setcred ina amri ya kuzihuisha, PAM_REFRESH_CRED, na ya kuzifuta, PAM_DELETE_CRED. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu watatu kwa zamu, tiketi iliyobaki ni mlango ulioachwa wazi. Jaribu kwa akaunti ya majaribio: ingia, toka, kisha kama root tazama /tmp, ambako tiketi huwekwa mara nyingi kwa jina linaloanza na krb5cc. Ukikuta faili la yule aliyekwishatoka, usiwaruhusu watu waanze kazi bado.