Kabla hujapiga hesabu ya nafasi ya binti katika vyuo vya wanawake Marekani

Matokeo yawe mazuri. Hilo tusilipotezee muda. Insha aandike mwenyewe. Mwalimu wa kumwandikia barua aombwe mapema, kabla shule haijafunga. SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, si lazima kila mahali, chuo cha Mount Holyoke waliacha kuulazimisha tangu 2001.

Usivitie vyuo hivi kapu moja. Barnard ya New York huchukua wasiofika 10 katika kila waombaji 100, Mount Holyoke huchukua zaidi ya 30. Wellesley na Smith wako katikati. Binti anayeomba Barnard na Wellesley tu, eti kwa kuwa hashindani na wavulana, hajapanga kitu. Orodha za zamani nazo zitakupoteza: Vassar, iliyokuwa ya wanawake, ilianza kupokea wanaume 1969. Na usidharau chuo kisichotajwa sana. Wangari Maathai alisoma kwa masista Wabenediktini, Mount St. Scholastica kule Kansas, akamaliza 1964.

Sasa zile asilimia. Zimewachanganya wote, Wamarekani na wageni, wenye pesa na wasio nazo. Wellesley haiangalii mfuko wa Mmarekani inapoamua nani aingie, lakini wa mgeni inauangalia. Mgeni anayeomba msaada anagombea fungu dogo, kwa hiyo nafasi yake ni finyu kuliko ile unayoisoma.

Hapo ndipo tulipoumia. Mdogo wangu alimaliza kidato cha sita Tanga, daraja la kwanza. Mtu tuliyemwamini akatuambia: penye swali la kuomba msaada wa fedha, jaza hapana, nafasi itapanda, pesa mtaomba akishakubaliwa. Mimi ndiye niliyekaa naye kwenye kompyuta. Mimi ndiye niliyemwambia abonyeze.

Akakubaliwa. Mama akapika pilau, majirani wakajaa uani. Wiki iliyofuata tukaandika kuomba msaada. Jibu lilikuja la adabu, mistari mitatu: mwanafunzi wa kigeni ambaye hakuomba msaada wakati wa maombi hawezi kuomba tena baadaye. Gharama ya mwaka mmoja ilipita dola 80,000, na baba ni mwalimu wa shule ya msingi. Usipoonyesha pesa ya kulipia, chuo hakikupi fomu ya I-20, na bila I-20 ubalozini utakwenda kuomba viza ya masomo kwa kitu gani? Alisubiri hadi Agosti. Kisha akaikunja ile barua aliyokuwa ameichapisha, akaitia sandukuni chini ya nguo zake. Bado imo.

Kwa hiyo kaeni kikao cha familia kwanza, mtaje kiasi mnachoweza kulipa kwa mwaka, kiasi cha kweli. Halafu tafuteni waraka uitwao Common Data Set wa kila chuo. Vyuo vingi huutoa kila mwaka, hauuzwi. Nendeni sehemu H, mahali panapoeleza wanafunzi wa kigeni: wangapi walipewa msaada na wastani wa dola ngapi kila mmoja. Hesabu ya nafasi ianzie hapo. Wakiwa wachache mno, au wastani ukiacha pengo msiloweza kuliziba, chuo hicho kibaki mwisho wa orodha hata kama matokeo ya binti yanang'aa. Na kama mnahitaji msaada, jazeni ndiyo, mapema, pamoja na hati za mshahara wa wazazi.

Maombi ya mapema ya mwezi Novemba, yale ya kujifunga kwamba ukikubaliwa utakwenda, msiyaguse kabla ya kujua chuo kinawasaidiaje wageni. Wakala anayeahidi nafasi kwa ada, mkataeni. Majina kwenye pasipoti na vyeti yafanane, herufi kwa herufi. Tarehe za mwisho zihesabuni kwa saa za kule. Na kila ukurasa mnaoujaza, upigeni picha kabla ya kutuma.