Kublogu vitabu ukiwa na kazi nyingine

Mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni nahesabu misumari, mabati na ndoo za rangi. Vitabu nasoma kwenye daladala, nasoma mafundi wakiwa hawajaja, nasoma usiku neti ikishashushwa. Blogu yangu ya vitabu niliifungua Septemba 2021 na mpaka leo haijaninunulia hata kilo ya sukari. Naandika haya kwa sababu haipiti wiki bila mtu kuniuliza aanzeje, na wengi wanaouliza wameshachora nembo, wameshanunua taa ya kupigia picha, ila kitabu chenyewe watakachoandika habari zake bado hawajamaliza kukisoma.

Anza na mwendo unaouweza siku mbaya

Mimi nilianza kwa pupa. Miezi miwili ya kwanza niliweka makala 14. Nilisoma kama mtu anayefukuzwa, kurasa za mwisho naruka, kuandika naandika usiku wa manane macho yanawasha. Oktoba mwaka huohuo Abdulrazak Gurnah akatangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi, kila mtu akawa anaandika habari zake, na mimi nikaona nisibaki nyuma. Nikapandisha makala ndefu ya kumsifu mwandishi ambaye sikuwa nimesoma hata ukurasa wake mmoja. Nilizokota sifa huku na huku nikazishona. Msomaji mmoja akaniuliza kwa upole, "Dada, wewe katika vitabu vyake umependa kipi?" Sikujibu. Nilizima simu nikaenda kufua.

Kisha duka likaingia kuhesabu mali ya mwaka. Nikakosa wiki, wiki ikazaa nyingine, halafu haya ikanizuia kurudi. Nilikaa kimya miezi mitano, na aliyeniuliza niko wapi ni mdogo wangu peke yake.

Niliporudi nikajiwekea kitabu kimoja kwa mwezi, basi. Na wewe usijipime kwa mwezi uliokuwa na likizo. Jipime kwa ule mwezi ambao mtoto aliumwa, umeme ulikatikakatika na mshahara ulichelewa. Ulichokiweza mwezi huo ndicho kipimo chako. Mwezi ukikuendea vizuri ukasoma viwili, cha pili kiandikie lakini usikitoe, kiweke akiba. Mimi huwa na makala tatu za akiba. Mwaka jana malaria ilinilaza wiki mbili na hakuna msomaji aliyejua.

Nobel ile ikanifundisha jambo jingine. Mwaka 2022 wachapishaji Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah. Safari hii nilisoma taratibu, wiki tano nzima, nikaandika wakati kelele zimeshatulia. Ile makala ya kwanza niliifuta. Hii ya pili inasomwa mpaka leo, kwa sababu anayekitafuta kitabu hakitafuti siku ya tangazo tu.

Jambo la leseni nalo ulimalize mapema, kama upo Tanzania. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ada yake ikawa shilingi milioni moja kwa mwaka. Wengi walifunga blogu zao. Kanuni zile zimebadilishwa tangu hapo, 2020 na tena 2022, kwa hiyo usiende na hadithi za vijiweni na wala usitegemee jibu nililopewa mimi mwaka nilioanza. Piga simu TCRA, waeleze unaandika nini, wakwambie kwa leo unahitaji nini.

Vipande vya risiti

Kitabu ukikisoma mpaka mwisho ndipo utafute cha kusema, utabaki na "kimenigusa sana". Dukani kwetu risiti zinazoharibika ni nyingi. Nazikata vipande vyembamba, upande wa nyuma ni mweupe, na kila pahala kitabu kinaponisimamisha nachomeka kipande chenye maneno mawili matatu: "anadanganya", "kama shangazi", "harufu ya karafuu tena". Siandiki zaidi ya hapo, maana nikiandika sana nasahau kusoma. Nikimaliza kitabu navichomoa vyote, navipanga juu ya mkeka. Kipande ambacho sikumbuki nilimaanisha nini natupa. Vinavyobaki huwa sita au saba, na makala inakuwa imeshajipanga yenyewe pale chini.

Zamani nilikuwa nafanya kazi hii kwenye simu. Simu ikachomolewa kwenye daladala la Raskazone, na vitabu vitatu vikaenda nayo. Sasa karatasi kwanza, halafu rasimu naiandika Google Docs, ambayo ukishairuhusu kufanya kazi bila mtandao inakubali kuandikiwa hata bando likiwa limekwisha na inajihifadhi likirudi.

Sasa kuandika kwenyewe. Nitakuonyesha aya yangu ya zamani kuhusu Kuli ya Adam Shafi, kama nilivyoitoa mara ya kwanza:

"Kuli ni riwaya nzuri sana yenye mafunzo mengi kwa jamii. Mwandishi ametumia lugha nyepesi kuonyesha mateso ya wafanyakazi enzi za ukoloni. Naipendekeza kwa kila mtu."

Hakuna uongo hapo, lakini hakuna kitu. Lifute jina la kitabu, weka jina la kitabu kingine chochote cha shule: aya itasimama vilevile. Hilo ndilo jaribio langu mpaka leo. Sentensi inayokubali kuhamia kitabu kingine bila kubadilishwa, naikata. Baadaye niliiandika upya:

"Babu yangu alibeba mkonge bandarini Tanga, enzi ambazo meli zilitia nanga mbali na marobota yakapelekwa kwa matishari. Bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, na sisi wajukuu tulidhani kazaliwa hivyo. Nilipomfuata Rashidi, kuli wa riwaya hii, hadi kwenye mgomo wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948, ndipo nilipolielewa lile bega."

Si lazima uwe na babu kuli. Lakini lazima uwe na mahali unapokisomea kitabu. Mkunga akisoma riwaya yenye kujifungua ndani yake ataona mambo ambayo profesa hayaoni, na dereva wa lori naye atajua kama mwandishi amewahi kupanda lori au amehadithiwa. Hapo ndipo msomaji anapokuhitaji wewe na si mwingine.

Usimwage mtama penye kuku wengi. Mimi nikisimulia kitabu sivuki theluthi ya kwanza ya hadithi. Nikilazimika kugusa mwisho, naonya juu kabisa ya makala, si katikati ambako jicho limeshafika.

Kona yako

Mwaka wa kwanza niliandika kuhusu kila kitu: riwaya za Kiingereza, vitabu vya kujiajiri, hadithi za watoto, hata kitabu cha mapishi. Mwezi wa kwanza walisoma watu 11, na watano kati yao tuna bibi mmoja. Kilichonisaidia si kuandika zaidi, ila kufungua Search Console, chombo cha bure cha Google kinachokuonyesha watu waliandika maneno gani kabla ya kukufikia. Nikakuta watu wanatafuta riwaya za zamani. Mmoja aliandika "kitabu cha mpelelezi tulichosoma nyumbani jalada jekundu". Watu wa rika la mama yangu wanavikumbuka vitabu walivyogombania udogoni na hawavipati tena. Na mimi hivyo ndivyo ninavyoviweza, kwa sababu bei ya kitabu kipya inanishinda na vya mtumba vinapangwa chini kando ya barabara.

Basi hiyo ikawa kona yangu: riwaya za Kiswahili za mtumba. Yako inaweza kuwa ushairi wa wanawake, vitabu vya watoto vyenye picha, au tafsiri. Usiichague siku ya kwanza, ila baada ya makala kumi hivi itazame orodha yako uone mkono unaelekea wapi wenyewe.

Utakutana na kishawishi kimoja kikubwa, nacho ni wanafunzi. Niliwahi kuandika kuhusu Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, ambacho kimesomwa miaka mingi shuleni kama kitabu teule. Wasomaji wakajaa kama msiba wa tajiri. Nikafurahi siku tatu, kisha nikasoma walichokuwa wanaandika: "dada weka dhamira", "fani na maudhui tafadhali", "mtihani kesho". Kama unataka kuwasaidia watoto wa shule, fanya hivyo kwa moyo wote, ni kazi ya heshima. Lakini hiyo ni blogu nyingine. Mimi nilijaribu kuchanganya kwa miezi minne, nikajikuta nahesabu migogoro na kuorodhesha wahusika wadogo, na vipande vya risiti vikaisha hamu.

Wasomaji wanatoka wapi

Kichwa cha makala kiwe na jina la kitabu na jina la mwandishi, limeandikwa sawasawa. Nilikuwa natia vichwa vya mbwembwe kama "Machozi ya bandarini". Nani atatafuta hicho?

Picha piga asubuhi karibu na dirisha, kitabu juu ya khanga au mkeka, bila kukipamba kwa maua. Halafu ipunguze ukubwa kabla ya kuipandisha, maana wanaokusoma wananunua bando kwa siku, na picha moja nzito inaweza kumfanya afunge kabla maneno hayajatokea.

Mitandao mingi sikushauri. Mimi natumia orodha ya kutuma ya WhatsApp: inabeba watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo kila aliyemo ametaka mwenyewe. Tumia namba ya pembeni, si ile anayokupigia bosi. Natuma mara moja kwa mwezi, mistari minne na kiungo. Nimechukua miaka mitatu kufika watu 190. Kati yao kama 30 hunijibu, na hao 30 nawajibu wote, mmoja mmoja, hata kama ni kwa "ahsante mama, shikamoo".

Maombi ya PDF yatakuja kuliko salamu. "Naomba PDF", nukta. Usitume, na usione vibaya kukataa. Sheria ya hakimiliki tunayo, ya mwaka 1999, na mwandishi wa Kiswahili analiwa vya kutosha. Lakini usimwache mtu mikono mitupu. Mwambie kitabu kinapatikana duka gani, bei uliyonunulia wewe, au kama maktaba ya mkoa ina nakala. Kwenye kila makala naweka hivyo chini kabisa: nilikipata wapi, kwa shilingi ngapi. Mstari huo unasifiwa kuliko aya zangu zote.

Vitabu vya bure navyo vitakuja siku moja. Nilipoletewa cha kwanza na mchapishaji mmoja nilijiona nimefika. Kumbe barua iliyokuwa ndani ilishaeleza nitakachosema, na nilipotoa maoni yangu, kwamba sura nne za katikati zinarudia jambo moja, sikuletewa tena. Siku hizi nakubali kwa sharti ninaloliandika kabla kitabu hakijatumwa: nitasema nimepewa, na nitasema nilichokiona. Wanaobaki baada ya sharti hilo ni wachache, na ninaelewana nao.

Ukikosea, sahihisha juu, si chini. Niliwahi kumwita mhusika mmoja mtoto wa ndugu yake mwenyewe. Nikaandika mwanzoni mwa makala: nilikosea, aliyenirekebisha ni msomaji, ahsante.

Na huwezi kujua wasomaji hao watakufaa kwa lipi. Mwaka juzi nilinunua riwaya ya kipelelezi ya miaka ya themanini kwa shilingi 1,500. Nikafika ukurasa wa 48, nikafunua, nikakuta wa 65. Fungu zima la kurasa 16 lilikuwa limechomoka. Nikawauliza watu wa orodha yangu kama kuna mwenye nakala. Akajibu baba mmoja aliyeko Muscat, mzaliwa wa Wete, Pemba, anacho kitabu hichohicho alichoachiwa na mama yake. Kupiga picha kurasa hawezi, akasema, jalada linavunjika likifunguliwa sana. Usiku akaanza kunitumia ujumbe wa sauti. Alinisomea zote 16, mpelelezi kampa sauti nzito, jambazi kampa ya puani, huku nyuma mtu anaosha vyombo. Kwenye makala niliandika wazi kwamba kurasa 49 hadi 64 nilizisikia, sikuzisoma, na kwamba jambazi wa humo, kwangu mimi, ana lafudhi ya Wete.