Kupima Bwawa la Mtera kwa setilaiti: anza na daftari la geji

Kijana akija kujifunza kazi hii kwangu, kitu cha kwanza anachofungua ni kompyuta. Mimi humkabidhi daftari la msomaji wa geji, yaani kipimo cha kina cha maji kilichosimikwa bwawani: kurasa zimepindana kwa unyevu, na kila asubuhi saa tatu kuna namba moja ya kina cha maji. Setilaiti ya picha haipimi maji. Inapima mwanga unaorudi kutoka ardhini, na kinachougeuza mwanga huo kuwa habari ya maji ni namba za daftari hili.

Tuchukue Mtera, kati ya Iringa na Dodoma. Bwawa huhesabiwa limejaa maji yakifika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ya umeme ni 690. Ni tofauti ya mita nane na nusu tu, lakini kingo za upande wa magharibi ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka kidogo ufukwe mpana sana hubaki mkavu. Ndiyo maana bwawa hili linafaa kujifunzia.

Ingiza daftari kwenye Excel: tarehe, saa, kina. Kisha weka vituo vya geji kwenye QGIS, programu ya ramani, na hapa usiwe na haraka. Jira (namba za mahali) nyingi za zamani ziliandikwa kwa datumu, yaani msingi wa vipimo vya ramani, ya Arc 1960, wakati picha za setilaiti zinatumia WGS 84. Ukizichanganya, kituo kinahama karibu mita 300. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliweka vituo vyote hivyo hivyo, na kimoja kikakaa juu ya kilima. Nilishinda siku mbili nikiilaumu picha. Jira zikiwa za zamani, zitambulishe kwanza kama Arc 1960, ndipo uzibadilishe. Jambo jingine: ukuta wa Mtera uko karibu kabisa na longitudo 36, mpakani mwa kanda mbili za UTM, mfumo wa jira za mita. Maji mengi yako magharibi ya ukuta, kwa hiyo weka kila kitu kwenye kanda ya 36 Kusini, ambayo kwenye QGIS namba yake ni EPSG:32736.

Sasa picha. Pakua picha ya setilaiti ya Sentinel-2 ya kiwango cha L2A, yaani iliyokwisha kusafishwa athari za hewa, ni bure, ya siku ambayo daftari lina namba. Inapita huku karibu saa tano asubuhi. Kwa bwawa, saa mbili baada ya msomaji kusoma geji hazibadilishi kitu. Kwa mto uliofurika zinabadilisha sana. Unahitaji bendi mbili, yaani tabaka za picha za aina moja moja ya mwanga: B03 ya kijani na B11 ya infraredi, zote kwa pikseli (vimraba vya picha) za mita 20. Kwenye kikokotoo cha rasta cha QGIS, kinachofanya hesabu kwa kila pikseli, andika (B03 - B11) / (B03 + B11). Picha zilizochakatwa tangu 25 Januari 2022 zimeongezewa 1000 kwenye kila thamani, kwa hiyo toa 1000 kwenye kila bendi kabla ya kukokotoa. Ukisahau, picha ya 2020 na ya 2023 hazilinganishiki, na utadhani bwawa limebadilika.

Matokeo ya juu ya sifuri, kwa kawaida, ni maji. Usiamini hapo hapo. Weka picha ya rangi ya kawaida chini yake, kisha tembea na kipanya ukingoni kote. Kivuli cha mlima na ardhi iliyoungua mwezi wa tisa huweza kujifanya maji. Maji yaliyofunikwa na majani nayo hujificha yasionekane. Sogeza kizingiti, yaani ile sifuri inayotenga maji na nchi kavu, kidogo kidogo mpaka mstari ukae pale jicho linapokubali. Kisha hesabu: pikseli 2,500 ni kilomita moja ya mraba.

Rudia kwa tarehe ishirini hivi, za kiangazi na za mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili mawingu yatakunyima picha. Tumia rada ya Sentinel-1, ambayo hupenya mawingu na kuonyesha maji tulivu yakiwa meusi. Siku ya upepo mkali iruke, maana mawimbi huyang'arisha maji. Chora eneo dhidi ya kina. Nukta zikipanga mstari unaopanda vizuri, umepata kipimo: siku geji ikisombwa, eneo litakuambia kina.

Mwisho leta mvua. Chora kidakio, yaani eneo lote ambalo maji yake hutiririkia bwawani, kutoka kwenye modeli ya mwinuko, kisha pata wastani wa mvua ndani yake kutoka CHIRPS, makadirio ya mvua ya setilaiti na vituo. Kumbukumbu zake zinaanzia 1981. Usishangae mvua na bwawa visipokwenda pamoja. Maji ya mto Ruaha Mkuu, unaoingia bwawani, hupita kwanza Usangu, kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali na ardhi oevu ya Ihefu, na tangu 1993 mto umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha wakati wa kiangazi. Kata kidakio vipande, juu ya Ihefu na chini yake, uvisome kila kimoja peke yake.

Ramani ikikamilika, mimi huichapisha kubwa na kumpelekea msomaji wa geji. Mara ya mwisho aliiweka juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akafuata ukingo kwa kidole, akasimama kwenye ghuba moja niliyoipaka bluu. "Hapa siku hizi ni matope, mama. Ng'ombe wanapita." Nilirudi ofisini nikapandisha kizingiti.