Kubadilisha kizibo (tabaka la kuzuia maji) cha paa la zege kwenye jengo la maduka

Nasimamia majengo ya biashara Dar es Salaam, na jambo la kwanza ninalomwambia mwenye jengo ni hili: panda juu saa 48 baada ya mvua. Maji yakiwa bado yametuama, tatizo ni mtelemko. Rekebisha mtelemko kwanza kwa saruji, ushuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, ukielekea kwenye matundu ya kutolea maji. Usipofanya hivyo, hakuna kizibo kitakachokuokoa.

Paa likiwa wazi, bila matangi mengi, mimi huchagua karatasi ya lami ya milimita 4, ile inayoyeyushwa kwa moto wa gesi. Omba aina ya APP, yaani lami iliyochanganywa na plastiki. Inahimili jua letu kuliko SBS, ile iliyochanganywa na mpira. Maungio yapandane sentimita 10 ubavuni na 15 mwishoni, na karatasi ipande ukutani sentimita 15. Hapo ukutani ndipo mafundi wenye haraka huharibu kazi, kwa hiyo simama uangalie.

Penye mabomba, matangi na viyoyozi vingi, poliyurethani ya kupaka, kimiminika kinachoganda kama mpira, ni bora, maana haina maungio. Zege lazima likauke kabisa, la sivyo itavimba malengelenge.

Chini kuna mgahawa unaotoa moshi wa mafuta juu? Epuka kizibo cha karatasi ya mpira iitwayo EPDM, mafuta huilainisha. Karatasi ya plastiki ya PVC inafaa zaidi.

Uso wa juu wa kizibo uwe mweupe; ghorofa ya juu itapoa.

Kabla ya kumlipa fundi fedha ya mwisho, ziba matundu, jaza maji sentimita 5 kwa saa 24 uone kama paa linavuja, baada ya mhandisi kuthibitisha kwamba zege litabeba uzito huo.