Namna ya Kuonja na Kupima Riesling ya Mosel

Kabla ya kufungua chupa ya Riesling, mvinyo mweupe wa zabibu zenye jina hilo, kutoka bonde la mto Mosel nchini Ujerumani, soma lebo yake kwa makini, kwa kuwa Wajerumani huandika humo mengi ambayo ulimi utakuja kuyathibitisha. Neno trocken huonyesha mvinyo usio mtamu, wenye sukari isiyozidi gramu 9 kwa lita. Kabinett, Spätlese na Auslese hueleza jinsi zabibu zilivyokuwa zimeiva zilipovunwa, wala si lazima ziwe ahadi ya utamu. Ukiwa na shaka, tazama kiwango cha kileo: Kabinett yenye asilimia 8 karibu kila mara imebakiza sukari, ilhali yenye asilimia 12 kwa kawaida haina utamu.

Poza chupa hadi nyuzi 8 au 10 za Selsiasi. Baridi ikizidi, harufu hujificha. Jaza theluthi moja ya glasi, uizungushe, kisha unuse. Mvinyo mchanga hunukia ndimu, tufaha la kijani na pichi. Uliokaa miaka mingi huweza kutoa harufu ya mafuta ya taa, jambo linalowashtua wageni lakini si kasoro, isipokuwa imefunika kila kitu kingine.

Zungusha mvinyo mdomoni kwa sekunde chache, umeze au uuteme, kisha uangalie mate yanavyojaa pembeni mwa ulimi, kwani hicho ndicho kipimo cha uchachu. Riesling tamu yenye uchachu hafifu hubaki kama sharubati, na mimi huipa alama ndogo hata lebo yake ikiwa ya kifahari.