Somo: Mazutu ikimwagika Ziwa Kivu, afisa mkuu aanzie wapi

Mafunzo ya Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) kuhusu mafuta yanayomwagika majini yana ngazi tatu. Ya kwanza ni ya wanaovuta kamba na kujaza mifuko, ya pili ni ya msimamizi wa palepale, ya tatu ni ya afisa mkuu anayetoa amri na kujibu kwa serikali. Somo hili ni la ngazi ya tatu. Vitabu vyake viliandikwa kwa ajili ya bahari. Sisi tuna ziwa ambalo watu wa Goma wanachota kwa bidoni (madumu) na kunywa siku hiyohiyo. Kwa hiyo mpangilio unabadilika: kwanza maji ya watu, halafu mafuta.

Tuchukue mfano. Boti iliyopakia mapipa ya lita 200, mengine mazutu (dizeli), mengine esansi (petroli), imepiga mwamba karibu na ufuko wa Goma saa kumi na mbili asubuhi. Simu imekufikia.

Hatua ya 1. Uliza ni nini, kabla ya kuuliza ni kiasi gani

Esansi inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Mazutu inahitaji kupata joto la digrii 55 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inaamua kama unatuma watu au unawaondoa.

Kama ni esansi, au hujui, au zimechanganyika: usizungushie uzio unaoelea (wa Hatua ya 4). Ukiizungushia unaikusanya, na mvuke wake unakuwa mzito mahali pamoja. Zima injini zote, zima mabrazero (majiko ya mkaa) ya wauza samaki ufukoni, watu wakae upande upepo unakotoka. Esansi iliyotandaa juu ya maji sehemu kubwa inapotea hewani kwa saa chache. Hapo kazi yako ni kulinda nafasi, si kusafisha.

Kipima gesi kikionyesha asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kuwaka (kiasi kidogo kabisa cha mvuke hewani kinachoweza kushika moto), kila mtu anatoka, hata aliyebakiza dakika mbili amalize. Kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya bahari havilisemi: mazuku. Hewa ya ukaa inayotoka ardhini hulala kwenye mabonde na mashimo ya lava, hasa asubuhi bila upepo. Kipima gesi cha kuwaka hakiioni kabisa. Zaidi ya hapo, vipimo vingi vya aina hiyo vinahitaji oksijeni ili vifanye kazi. Oksijeni ikipungua, vinasoma chini ya ukweli. Kwa hiyo mtu anayeteremka kwenye kijishimo cha ufuko lazima abebe kipimo chenye sehemu ya oksijeni na ya hewa ya ukaa pia. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5, au sehemu ya hewa ya ukaa ikilia, arudi.

Hatua ya 2. Funga maji

Toa amri hii kabla hujaona mafuta kwa macho. Piga simu kwa wenye pampu zinazovuta maji ziwani, tuma watu wenye vipaza sauti kwenye kila mahali pa kuchotea, wazuie chukudu (baiskeli za mbao za kusukuma mizigo) zenye bidoni. Ukifunga bure, umepoteza saa tatu za maji. Ukichelewa, mabomba yanashika harufu ya mazutu na kuyaosha ni kazi ya siku nyingi.

Muda ulionao unaupiga hesabu hivi: mafuta husukumwa na asilimia 3 ya mwendo wa upepo, ukiongeza mkondo wa maji wote. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unayasukuma sentimita 15 kwa sekunde, yaani mita 540 kwa saa. Pampu iko umbali wa kilomita moja upande upepo unakoelekea? Huna saa mbili kamili. Na kumbuka upepo wetu unageuka: usiku unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unarudi ufukoni. Mafuta yaliyoondoka alfajiri yanaweza kukurudia saa nane.

Hatua ya 3. Pima kwa rangi

Hapa ndipo maafisa wengi wanatangaza janga pasipo janga, au kinyume chake. Panda mahali pa juu, jua likiwa mgongoni, utazame rangi. Utando wa fedha hafifu ni lita 40 hadi 300 kwa kilomita ya mraba. Wenye rangi za upinde wa mvua ni lita 300 hadi 5,000. Unaong'aa kama bati ni 5,000 hadi 50,000. Ukianza kuona rangi yenyewe ya mafuta, vipande vipande, ni 50,000 hadi 200,000.

Sasa chukua doa la mita 300 kwa 50. Hiyo ni kilomita ya mraba 0.015. Kama lote ni upinde wa mvua, ni kati ya lita 4.5 na 75, hata nusu ya pipa haifiki, ingawa picha yake kwenye simu itatisha mji mzima. Doa la ukubwa uleule likiwa na rangi ya mafuta yenyewe ni lita 750 hadi 3,000. Halafu linganisha na hati ya mizigo ya boti: mapipa mangapi yalipakiwa, mangapi yameopolewa yakiwa yamefungwa. Hesabu mbili zikipishana sana, amini ile kubwa hadi uthibitishe.

Hatua ya 4. Uzio unaoelea

Kazini tunauita baraji. Una sehemu inayoelea juu na sketi inayoshuka chini ya maji. Haushindwi kwa sababu ni mfupi. Unashindwa kwa sababu maji yanakimbia. Mkondo ukizidi mita 0.35 kwa sekunde ukiupiga uzio uso kwa uso, mafuta yanapita chini ya sketi, hata kama sketi ni ndefu. Kuongeza sketi hakusaidii, kunaongeza uzito wa kuvuta tu.

Pima bila mashine. Nyosha kamba ya mita 10 kando ya maji, tupa chungwa (linazama karibu lote, kwa hiyo upepo haulidanganyi), hesabu sekunde. Likichukua sekunde 29 au zaidi, unaweza kuweka uzio mkabala na mkondo. Likichukua 20, mkondo ni mita 0.5 kwa sekunde: laza uzio kwa pembe ya digrii 45 na mkondo. Likichukua 10, ni mita 1: digrii 20, si zaidi. Kadiri unavyoulaza ndivyo unavyohitaji mrefu. Mlango wa maji wenye upana wa mita 40 kwa digrii 45 unataka mita 57. Kwa digrii 20 unataka 117. Ongeza kidogo za kufungia.

Upande wa Goma mkondo ni mdogo, shida ni mawimbi na mawe ya lava yanayokata kitambaa. Upande wa Bukavu, pale ziwa linapomwagikia Ruzizi, chungwa ni lazima. Mafuta yakishaingia mtoni yanashuka kwenye mabwawa ya umeme na kuelekea Tanganyika, na hapo huna tena namna ya kuyazuia.

Nguvu ya kamba nayo ipigwe hesabu. Zidisha 100 kwa eneo la sketi kwa mita za mraba, kisha kwa mwendo wa maji mara mwendo wenyewe. Uzio wa mita 50 wenye sketi ya sentimita 40, mkondo ukiwa 0.35, unavutwa kwa karibu kilo 245. Mkondo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kamba ya kufungia mbuzi haitoshi, na jiwe moja la lava kama nanga linaburuzwa. Tumia nanga za kweli, na funga boya kwenye kila moja ili uweze kuisogeza upepo ukigeuka.

Hatua ya 5. Kunyonya, na taka

Vitambaa vya polipropilini vinanyonya mafuta mara 10 au zaidi ya uzito wake na havinyonyi maji. Majani makavu na maranda ya mbao vinasaidia ufukoni, lakini ziwani vinashiba maji na kuzama na mafuta yake. Usiwatupie watu vitambaa vingi mara moja: kitambaa kilicholowa robo kikatupwa ni taka nne badala ya moja.

Taka ndiyo itakayokula siku zako. Mchanga, nyasi, glovu, vitambaa, vyote vikijumlishwa vitazidi kwa mbali mafuta yaliyomwagika. Goma imesimama juu ya lava, na lava ina nyufa: ukichimba shimo ukamwaga humo, mazutu inarudi ziwani kwa chini. Tumia mapipa yenye vifuniko, juu ya bashe (maturubai) mbili, mahali penye paa kwa sababu ya mvua. Tenganisha majimaji na yabisi tangu ufukoni. Baadaye hakuna atakayetenganisha.

Hatua ya 6. Daftari na sampuli

Mtu mmoja aandike saa ya kila amri. Sampuli tatu: tangi au pipa la boti, doa lenyewe, na maji safi ya mbali. Chupa za kioo cha rangi, si za plastiki, zijazwe karibu hadi juu, ziwekwe kwenye baridi na giza, na saini ya kila anayezipokea. Sheria ya Kongo namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inasema mchafuzi ndiye anayelipa, lakini bila sampuli na daftari hutamshika. Wajulishe upande wa Rwanda mapema. Kati ya Goma na Gisenyi mafuta hayaonyeshi karatasi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi ni mama wa Kituku. Tukichemsha hayo maji au kutia klorini, hayanyweki?*
Hapana, mama. Klorini inaua vijidudu, haiondoi mafuta. Kuchemsha maji yenye esansi juu ya brazero kunaweza kukuunguza uso. Harufu ikisikika, maji hayo si ya kunywa wala kupikia. Chota penye maji yaliyopimwa.

*Kaka, kwa nini tusimwage sabuni ya unga? Doa linatoweka mara moja.*
Linatoweka machoni. Sabuni inayavunja mafuta kuwa matone madogo yanayoshuka, na pampu inayavuta. Samaki wadogo wa ufukoni, sambaza, nao wanaathirika. Hata dawa rasmi za kutawanya mafuta nyingi zimetengenezwa kwa maji ya chumvi. Kwenye ziwa zinafanya kazi vibaya. Karibu na pampu ya maji, jibu ni hapana.

*Afande, watu wanasema moto wa esansi juu ya ziwa unaweza kuwasha gesi ya metani iliyo chini ya ziwa. Ni kweli?*
Metani ya Kivu imeyeyuka kwenye maji ya kina, sehemu kubwa chini ya mita 260, ikishikiliwa na uzito wa maji. Moto wa juu hauifikii. Hofia moto wenyewe, boti na watu.

*Kutoka Bukavu: hatuna uzio wa kununua. Tunaweza kutengeneza?*
Ndiyo, kwa mazutu na kwenye maji yaliyotulia tu. Funga bidoni tupu za lita 20 zilizozibwa vizuri kwenye kamba, ushonee bashe iwe sketi ya sentimita 30, na mnyororo au mawe madogo kwenye upindo ili isipinduke. Kosa la kawaida ni nafasi kati ya bidoni: bashe lazima ipande juu ya maji pia, angalau sentimita 15, la sivyo mafuta yanapita katikati.

*Kazi tunaisimamisha lini? Mawe bado yanateleza.*
Doa la mazutu halionekani tena ziwani, maji ya pampu yamepimwa mara mbili na ni safi, na mawe hayatoi tena utando yakipigwa na wimbi: simamisha. Mawe ya lava usiyapige kwa maji ya moto yenye nguvu. Yanasukuma mazutu ndani ya nyufa na kuua kila kinachoishi juu yake. Masalia ya mazutu kwenye mawe yaache jua na mawimbi, ila weka mtu wa kuyatazama kila asubuhi kwa wiki mbili, na daftari lake.