Kibali cha godauni: anza na hati, ramani ije baadaye

Wateja wengi wanaotaka kujenga godauni hunijia na ramani mkononi, imechorwa vizuri, ina rangi, na lori limeegeshwa mlangoni. Nikiwauliza hati ya kiwanja inasemaje, wananiambia ipo nyumbani. Kwa Tanzania Bara, jibu la kama utajenga au hutajenga limo kwenye hiyo karatasi iliyobaki nyumbani. Mchoraji ni wa kumlipa baadaye.

Hatua ya 1: Isome hati mpaka kwenye masharti

Usiishie kwenye jina lako na namba ya kiwanja na kitalu. Shuka mpaka kwenye masharti, utakuta matumizi yaliyoruhusiwa, pamoja na herufi za kundi na daraja lake. Kama pameandikwa makazi, godauni halijengwi hapo, hata kama majirani wote wameshajenga na mtaa umejaa malori. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka uendelezaji wowote upate kwanza ridhaa ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwa wengi wetu ni halmashauri, na kubadili matumizi nako huhesabika kuwa ni uendelezaji.

Ukitoka hapo nenda kwa afisa mipango miji, umwombe akuonyeshe ramani ya mipango miji iliyopitishwa kwa eneo lako. Unatafuta vitu viwili ambavyo macho hayavioni ukiwa kiwanjani. Cha kwanza ni hifadhi ya barabara: kwa barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, jumla 60. Cha pili ni maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari na ziwa. Nimeona viwanja vya bei poa sana ambavyo ukishatoa hizo mita, kinachobaki kinatosha kibanda cha mlinzi.

Shamba ulilonunua kijijini ni habari nyingine kabisa. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya sheria yake ya 1999, na karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtendaji haikufanyi kuwa na kiwanja cha viwanda. Panahitaji kupangwa, kupimwa na kumilikishwa kwanza. Kama una haraka, ongeza fedha ununue mahali palipokwisha kutengwa kwa viwanda, mfano Zegereni kule Kibaha. Tofauti ya bei utairudisha kwa muda utakaookoa.

Hatua ya 2: Badilisha matumizi, kama hapana budi

Maombi yanakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Unaambatanisha nakala ya hati, stakabadhi za kodi ya ardhi zisizo na deni, na andiko la mpangamiji aliyesajiliwa linaloeleza kwa nini eneo linabeba matumizi mapya. Kusudio lako hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Baada ya vikao vya halmashauri, jalada linapanda kwa mamlaka za ardhi, na likipita, hati ya zamani unairudisha upewe mpya yenye matumizi mapya.

Andiko ndilo linaloponya au kuua maombi. Maofisa hawahitaji kusoma kwamba mradi utaleta ajira, hilo kila mtu anaandika. Wanataka kujua malori yatapita njia ipi, mangapi kwa siku, saa ngapi, na shule au zahanati iliyo karibu iko umbali gani. Jibu hayo kabla hujaulizwa. Na kabla tangazo halijatoka, pita kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani uwaeleze mwenyewe. Pingamizi nyingi hutoka kwa watu waliosikia habari barabarani.

Kama umenunua viwanja vitatu vya makazi vilivyopakana ukitaka jengo moja lipite juu ya vyote, kuviunganisha ni zoezi la pekee lenye upimaji wake. Omba kuunganisha na kubadili matumizi kwa pamoja.

Hatua ya 3: Sema utahifadhi nini

Neno "bidhaa mchanganyiko" huwa linaonekana salama kwenye fomu. Baadaye linakufunga. Chakula kitakupeleka TBS (Shirika la Viwango), dawa za binadamu TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), kemikali za viwandani kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mafuta EWURA (mdhibiti wa nishati na maji). Ghala la mazao la stakabadhi, ambako mkulima huweka mazao akapewa stakabadhi, kama yale ya korosho Mtwara na Lindi, lina leseni yake pia. Kila mmoja ana matakwa juu ya jengo lenyewe: sakafu, hewa, mfereji wa kuzuia kemikali iliyomwagika isitoke nje. Ni rahisi kuyachora sasa kuliko kuvunja zege baadaye.

Hapa ndipo pia mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa anapoingia. Atakuambia mradi wako unaangukia kundi gani na kama utahitaji tathmini kamili ya athari kwa mazingira, ambayo cheti chake mtaani huitwa kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Hatua ya 4: Sasa chora

Tumia mbunifu majengo aliyesajiliwa na mhandisi aliyesajiliwa ERB, bodi ya wahandisi. Mwambie mbunifu aanze na lori, si jengo. Kontena la futi 40 peke yake lina mita 12 na kidogo, bado hujaweka kichwa cha gari. Geti likikaa ukingoni mwa kiwanja, semi itasubiri kufunguliwa ikiwa barabarani, na mkaguzi wa barabara hatalikubali hilo. Lisogeze ndani. Njia ya kuingilia kutoka barabara kuu iombe TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mkoa), ya mitaani TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini).

Maji ya paa husahaulika. Bati la mita za mraba 2,000 likinyeshewa milimita 50, unakusanya lita 100,000 kwa mvua hiyo moja. Onyesha kwenye mchoro yanakokwenda, na isiwe kwa jirani.

Zimamoto wataangalia milango ya dharura, mipira ya maji, tangi na njia ya gari lao kuzunguka jengo. Wapelekee mchoro wa awali mapema.

Hatua ya 5: Wasilisha

Siku hizi maombi ya kibali cha ujenzi hupita kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI wa TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Unapandisha michoro, unapewa kontrol namba, unalipa. Wakija kukagua kiwanja, uwepo mwenyewe na mawe ya mipaka yaonekane. Kiwanja chenye nyasi za kiunoni kinarudisha wakaguzi nyumbani.

Hatua ya 6: Kibali kikitoka

Soma tarehe ya mwisho na masharti yaliyoambatishwa. Mkandarasi awe amesajiliwa CRB (bodi ya makandarasi), bango la mradi lisimame, na mhandisi wa halmashauri aitwe kabla msingi haujafukiwa. Ukitaka kuongeza urefu au ghorofa ya ofisi ndani, peleka mchoro wa marekebisho kwanza.

Jengo likikamilika, sajili mahali pa kazi OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na uchukue cheti cha zimamoto. Ukilipangisha, andika kwenye mkataba bidhaa zinazoruhusiwa, maana mpangaji wa mchele akiondoka na wa viuatilifu akaingia, hatua ya 3 unaianza upya.